Sura ya Mlangoni

Kabla hakujapambazuka, ilisikika fimbo. Kila siku ndiyo iliyosikika kwanza, kabla ya jogoo wa jirani na kabla ya bomba la uani kuanza kukohoa: ta, ta, ta, juu ya sakafu ya saruji, kutoka chumba cha mama mpaka mlango wa nyuma. Pale kizingitini ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Rubani alikuwa akiisikiliza akiwa amefumba macho. Ikishavuka kizingiti, alijua mama ameamka salama, naye hugeukia upande wa pili akachukua usingizi wake wa mwisho.

Siku hiyo fimbo ilifika kizingitini, ikanyamaza, na haikuendelea. Ilianguka, ikabingirika polepole mpaka ikagonga ndoo.

Mkewe ndiye aliyefika kwanza, na kitenge chake kikiwa kimefungwa ndani nje.

"Mama, usijiinue! Usijiinue kwanza."

"Nani kakwambia najiinua? Nimekaa."

Hakuwa amekaa. Alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja bado umeshika sikio la ndoo, na mguu wake wa kushoto umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Rubani alipopiga magoti karibu yake, mama alimtazama, akautazama mguu, akasema, "Naona nimekaa vibaya."

Jirani yao msambaza mikate alikuwa ndiyo kwanza anawasha pikapu. Aliposikia, alishusha makreti yote barabarani bila kuulizwa, wakatandika godoro, wakamlaza mama juu yake. Njia nzima aliendesha kama aliyebeba mayai, na kila gurudumu likiingia shimoni alitoa kichwa dirishani akasema, "Samahani, mama," kana kwamba mashimo yale aliyachimba yeye. Wateja wake wa asubuhi walikula mikate ya jana siku hiyo, na hakuwahi kulitaja jambo hilo baadaye.

Pale mapokezi ya hospitali alikuwepo karani mgeni ambaye hakumjua Rubani.

"Mgonjwa ni nani wako?"

"Mama yangu mzazi. Mimi ni mfanyakazi wa hapa, kwa hiyo ana punguzo."

"Cheo?"

Rubani alisogea kwenye kidirisha, akasema kwa sauti ya chini.

"Sikusikii, kaka. Sema kwa sauti, watu ni wengi."

"Mwendesha lifti."

Foleni nzima ilisikia. Mama, aliyelazwa kwenye machela karibu na benchi, aligeuza uso akautazama ukuta, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

*

Daktari wa mifupa alikuwa binti mdogo mwenye desturi ya kuchuchumaa kando ya kitanda ili mgonjwa asimtazame kutoka chini. Alichuchumaa, akamshika mama mkono.

"Bibi, ni nyonga imevunjika. Tukiitengeneza upesi, utatembea tena. Tukichelewa, utabaki kitandani."

"Kitandani mpaka lini?"

"Mpaka mwisho, bibi."

"Na hiyo kazi mnaifanyia wapi?"

"Juu, orofa ya mwisho." Daktari alitabasamu, akidhani sasa analeta habari njema. "Wala usiogope, mwanao mwenyewe ndiye atakayekupandisha kwenye lifti."

Mama aliutoa mkono wake taratibu, akauficha chini ya shuka.

"Basi mimi sipandi," akasema.

Rubani alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Alijua neno hilo linatoka wapi. Tangu utotoni alikuwa ametangaza kwa kila mwenye masikio kwamba atakuwa rubani wa ndege, na watu walimwamini, mama kuliko wote. Jina likaganda. Mama aliuza cherehani yake ili asome. Kisha siku ya kupimwa macho ikaonekana kwamba rangi mbili zinamchanganya, nyekundu na kijani, na habari ikaishia pale pale mlangoni mwa daktari wa macho. Miaka kadhaa baadaye alirudi nyumbani na shati la kijivu lenye nembo ya hospitali mfukoni. Mama alimzunguka, akalitazama shati lile mbele na nyuma.

"Kwa hiyo hii ndiyo ndege yenyewe?" aliuliza. Na kabla Rubani hajajibu, hasira zikampanda. "Siku utakayoniona ndani ya hicho kisanduku chako, ujue nimekufa, nimebebwa!"

Alikuwa mwanamke wa kusimamia neno lake. Kliniki yake ya presha ilikuwa orofa ya tatu, na miaka yote hiyo aliipanda kwa ngazi. Alipita mbele ya mlango wa lifti bila kugeuza shingo, akaishika reli, akapumzika kila kwenye kona ya ngazi akifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Manesi walizoea. "Mama yake Rubani huyo, mpisheni," walisema, na siku nyingine mmoja wao alimtolea kiti akakiweka kwenye kona ya pili, akijifanya kimesahauliwa hapo.

"Mama," mkewe Rubani akasema sasa, akimweka sawa mto, "maneno ya hasira hayo. Nani anayahesabu?"

"Mimi nayahesabu. Nilitamka kwa mdomo huu huu. Nilisema siku nitakayoingia humo nitakuwa nimebebwa. Si mnataka kunibeba? Na je, hapo nitatoka nikiwa nini?"

Daktari aliinuka, magoti yakalia, akasema atasubiri siku mbili. Zaidi ya hapo asingeweza kuahidi kitu.

*

Kulikuwa na lifti nyingine jengoni, ya vitufe, ambayo siku za kufanya kazi zilikuwa chache kuliko za kupumzika. Kwa hiyo wagonjwa wote waliolala walipita mikononi mwa Rubani. Lifti yake ilikuwa ya zamani, pana kama chumba cha kulala, yenye geti la chuma la kukunja na mpini wa shaba uliosuguliwa na viganja mpaka ukang'aa. Ukiusukuma kushoto inapanda, kulia inashuka, na kusimamisha ni juu ya mwendeshaji. Akiachia mapema, sakafu ya lifti inabaki chini ya sakafu ya orofa. Akichelewa, inapita juu. Magurudumu ya kitanda yakikuta ngazi, hata ndogo ya upana wa kidole, mgonjwa aliyeshonwa analia. Rubani hakupenda walie. Alikuwa na namna yake ya kuachia mpini kidogo kidogo, huku amekanyaga kwa ncha ya kiatu kusikia sakafu inavyotulia.

Humo ndani alisikia mengi. Madaktari walizungumza mbele yake kama vile wanavyozungumza mbele ya kabati. Wageni walimwambia "juu" au "chini" bila salamu. Wiki hiyo hiyo ya msiba wa nyonga aliingia mwanamume wa makamo mwenye suti, ameshika mfuko wa matunda. Alimtazama mara mbili.

"We! Si wewe uliyekuwa unataka kuwa rubani? Tulikaa dawati moja!"

"Ni mimi."

"Ha! Angalau unapaa, bwana. Unapaa unatua, unapaa unatua!"

Watu wakacheka. Rubani naye akacheka, tena akacheka kweli, maana aliona ni utani mzuri, akamshusha rafiki yake wa dawati orofa ya nne, akamwelekeza wodi. Mlango ulipofungwa bado alikuwa anacheka peke yake. Kisha akakumbuka mama yuko chini, kitanda cha pili kutoka mlangoni, akaacha.

Kuacha huko alikuwa amekuzoea. Kila jioni, akitoka kazini, alitembea mtaani akipiga mluzi, akasalimiana na muuza mkaa, akataniana na vijana wa gereji. Akifika mlangoni kwake alisimama kidogo. Mluzi uliisha. Mabega yalishuka, uso ulilegea, akaingia akiwa mtu aliyechoka na maisha. "Umerudi?" mama huuliza. "Nimerudi," hujibu, kwa sauti ya mtu aliyerudi kutoka kaburini. Mkewe alikuwa ameiona sura hiyo mwaka wa kwanza wa ndoa. Aliipa jina, "sura ya mlangoni," akajizuia kuuliza ni ya nini.

*

Wahudumu wa machela walikuwa wanne, na wote walikuwa na deni la hisani kwa Rubani, kwa vile aliwasubiri walipochelewa na hakuwasemea kwa wakubwa. Mkubwa wao, mtu mfupi mwenye shingo nene, alimfuata kwenye chumba cha chai.

"Tumekaa tumepanga. Bi mkubwa hataki lifti? Basi. Sisi tutambeba kwa ngazi. Watu wanne, pole pole, kama tumebeba kioo."

"Mpaka juu kabisa?"

"Tumeshabeba majokofu sisi. Mama yako ana uzito gani? Ni mifupa na maneno tu."

Rubani alimmiminia kikombe cha chai. Lakini sista mkuu aliposikia alikata shauri hapo hapo. Nyonga iliyovunjika haipandi ngazi zenye kona, hata ikibebwa na malaika. Mgonjwa atayumba, mfupa utamkata ndani. "Ni lifti," alisema, "au abaki alivyo." Kisha akamgusa Rubani begani na kuongeza, "Zungumza naye. Wewe ndiye mwanawe."

Jioni ile, jikoni kwao, mkewe alikuwa anachambua mchele. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na nyumbani alipika kama aliyesahau kwamba kula watakula wachache.

"Ulizungumza naye?"

"Nilikaa."

"Sikukuuliza kama ulikaa."

"Nikimwambia panda, ataniambia ni kwa sababu yangu. Na ni kweli. Ningekuwa na kazi nyingine asingetamka lile neno."

Mkewe aliokota jiwe kwenye mchele, akalitupa dirishani. "Baba watoto, hebu niambie. Hiyo kazi inakuchukiza?"

Rubani alitazama mlango wa chumba cha mama, ingawa ndani hakukuwa na mtu.

"Usiseme kwa nguvu," akajibu.

*

Kitanda cha dirishani, jirani na cha mama, kilikuwa cha mwanamke mzee ambaye manesi walimwita Bi Dirisha. Mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili na ulikuwa unapona kwa uvivu. Ndugu zake walikuwa mbali, na waliokuwa karibu walikuwa na shughuli. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, hugeukia dirisha akatazama watu wanavyoingia getini, ili asionekane kwamba anangoja. Mke wa Rubani alipoliona hilo siku ya kwanza, siku ya pili alileta chakula cha watu wawili, akasema amekosea kipimo.

Siku ya pili hiyo, wakati wa mapumziko, Rubani aliingia wodini na chupa ya chai. Mlangoni alisimama kidogo kama kawaida yake. Akaingia, mabega chini.

"Umekuja," mama akasema.

"Nimekuja."

Akamimina vikombe viwili. Bi Dirisha alipokea chake, akamkodolea macho Rubani.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, bibi."

"Basi mbona huku unakuja na sura ya matanga?" Akamgeukia mama. "Shoga, mwanao huyu ana mambo. Kule ndani ya lifti yake ni mtu mwingine kabisa."

"Bibi, chai yako inapoa," Rubani akasema haraka.

"Na ipoe. Mtu mwingine vipi?" mama akauliza.

"Anacheka! Mimi hupandishwa juu kwenye chumba cha mazoezi. Haki ya Mungu, mazoezi yenyewe siyapendi, yananitoa machozi. Ila nakwenda kwa ajili ya ile safari. Juzi mguu ulikuwa unawaka moto, sista akasema leo pumzika, nikamwambia hapana, nipelekeni. Tumekwenda, tumerudi, tumecheka njia nzima."

"Huyu?" Mama alinyoosha kidole. "Huyu hacheki. Mimi nakaa naye. Najua."

"Basi kule yuko pacha wake."

"Bibi, kunywa chai," Rubani alisihi. Masikio yalikuwa yanamchoma.

"Nakunywa, niache nimalize. Jengo hili lote, shoga, wanakusukuma kama gunia. Unatazama dari tu, hujui unapelekwa wapi. Yeye akishafunga geti lake anakutazama usoni. Anashika mkanda wa kitanda, anauvuta hivi, aone umekaza. Halafu anasema, 'Abiria wote wamefungwa? Haya, tunaondoka, usiogope.' Mkifika juu anasema, 'Tumefika. Angalia mguu.' Nami mguu wenyewe uko kwenye plasta! Ninacheka mpaka nashikwa na kikohozi."

Mama aliweka kikombe chini.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Anayosema mkifika."

"'Tumefika. Angalia mguu.'"

Wodi ilikuwa na kelele zake za kawaida, vikombe, kikohozi, ufagio wa mfanya usafi. Mama alimgeukia mwanawe.

"Hayo maneno," akasema, "ni ya banda la kuku."

*

Yalikuwa ya banda la kuku. Zamani, Rubani alikuwa akiwapanga wadogo zake juu ya paa la banda la kuku la mama yao, mmoja nyuma ya mwingine, juu ya masufuria yaliyopinduliwa. Kuku walilalamika chini, yeye hakuwasikiliza. Alikuwa na vipande vya kitambaa kutoka kwenye mabaki ya cherehani, na kila abiria alifungwa kiunoni. Siku nyingine mama mwenyewe aliitwa, akapanda akiwa na unga mikononi, akafungwa, akaambiwa asiogope, na wakati wa kushuka aangalie mguu.

Bi Dirisha alikuwa ametambua kwamba kuna jambo, akageukia dirisha lake kwa adabu, ingawa masikio aliyaacha upande huu.

"Unaipenda hiyo kazi?" mama akauliza.

Rubani alikaa ukingoni mwa kitanda. "Naipenda, mama," akasema, kama mtu anayekiri wizi.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Sikukaa hata mwaka kabla sijaipenda."

"Na ile sura unayoniletea kila jioni, ni ya nani?"

"Ni yako." Akajiona amesema vibaya, akajaribu tena. "Wewe uliuza cherehani, mama. Nilikuona unavyohuzunika. Nikaona haya kurudi nyumbani nafurahi. Nilidhani utasema nimeridhika mapema. Utasema sikuijali cherehani yako."

Mama alicheka kidogo, nyonga ikamuuma, akakunja uso.

"Usinichekeshe, mfupa huu. Kwa hiyo wewe unahuzunika kwa sababu mimi nahuzunika."

"Ndiyo."

"Na mimi unajua nahuzunikia nini? Hiyo sura! Ndege niliisahau zamani. Watoto wangapi walitaka ndege? Mimi kila jioni naona mtu mzima anaingia ndani kama amepigwa, nasema, kile kisanduku kinamla mwanangu. Unadhani nilikuwa napanda ngazi zile kwa kiburi tu? Siku za mwanzo, ndiyo. Nisidanganye. Lakini baadaye nilikuwa najiambia, nisiingie, nisimkute watu wanamwamrisha juu, chini, naye anajua mama yake anamwona. Nikusitiri. Na magoti haya!"

Rubani aliinamisha kichwa. Alikuwa akiyafikiria magoti.

"Tena nikwambie kitu kingine," mama akaendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Nduguzo walikuwa wanagombana kule juu ya banda. Huyu anataka twende Ulaya, huyu anataka twende kwa shangazi yake. Wewe hukuwahi kusema ndege inakwenda wapi. Hukujali. Kazi yako ilikuwa kufunga vitambaa tu, na kuwashika mikono wakishuka. Mtoto wa mwisho alikuwa anaogopa kushuka, ukamngoja mpaka magharibi, chakula kikapoa. Nilikuchapa siku hiyo."

"Nakumbuka kuchapwa."

"Kukuchapa kule nilikosea. Chakula si kingepashwa moto?"

Mfanya usafi alifika na ufagio wake chini ya kitanda, akaona hali, akaondoka, akaiacha sehemu ile bila kufagiwa.

"Mama," Rubani akasema, "na lile neno?"

Mama alivuta pumzi ndefu. Hofu ilikuwa bado ipo. Akapaza sauti.

"Sista! Njoo hapa. Na wewe shoga, acha kutazama dirisha, najua unasikia. Nataka mashahidi." Sista alikuja na sindano yake mkononi, akidhani ameitwa kwa maumivu. "Kuna neno nililisema zamani juu ya lifti ya mwanangu. Nililisema mimi mwenyewe, halina mwenyewe mwingine. Leo nalirudisha. Limeisha. Mmesikia?"

"Nimesikia, bibi," sista akasema, ingawa hakujua ni neno gani.

"Mimi nimesikia," akasema Bi Dirisha, "na dirisha limesikia."

*

Asubuhi iliyofuata wahudumu wote wanne walimsukuma, ijapokuwa kazi hiyo ni ya watu wawili. Mama alikuwa amevalishwa kofia ya upasuaji, na alipofika mbele ya mlango wa lifti alifumba macho. Kitanda kikaingia. Geti la chuma likavutwa, likalia kukunjuka kwake, likajifunga.

Lifti ikabaki pale pale.

"Mbona hatuondoki?" mama akauliza, macho bado yamefumba.

"Kuna abiria mmoja hajafungwa."

Rubani aliinama, akaushika mkanda wa kitanda, akauvuta. Ulikuwa umekaza tangu mwanzo. Aliuvuta hata hivyo.

"Haya," akasema. "Tunaondoka. Usiogope."

Akasukuma mpini. Lifti ikanguruma kama kawaida yake, mataa ya orofa yakapita moja moja kwenye upenyo wa mlango, na mama alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa vidole vyote kumi. Mfupi mwenye shingo nene alijifanya anasoma tangazo la ukutani kuhusu usafi wa mikono.

Kule juu, Rubani aliachia mpini. Miaka yote hiyo mkono wake haukuwa umetetemeka. Siku hiyo ulitetemeka. Sakafu ilitulia chini ya orofa, kiasi cha kiganja kizima, kama kazi ya mtu wa siku ya kwanza.

"Ndiyo tumefika?" mama akauliza.

"Bado, mama. Nimeitua vibaya. Nairudia."

Mama akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza aliyatembeza humo ndani: mpini unaong'aa, kiti kidogo cha mbao, jaketi la mwanawe limetundikwa kwenye msumari, na mwanawe mwenyewe, jasho linamtoka, anatazama mstari wa sakafu.

"Rudia tu, baba," akasema. "Mimi sina haraka."

Akashuka nayo kidogo, akapanda tena, akikanyaga kwa ncha ya kiatu. Sakafu mbili zikakutana. Geti likafunguliwa, na magurudumu yakapita bila mama kusikia chochote.

"Tumefika," Rubani akasema. "Angalia mguu."

"Ndio huo huo unaoniponza," mama akajibu, na kitanda kikaendelea na safari yake kwenye korido nyeupe.

Jioni ile, baada ya kuambiwa kwamba kazi imekwenda vizuri na mgonjwa ameamka anadai fimbo yake, Rubani alirudi nyumbani kwa mluzi. Mlangoni akasimama kidogo. Mluzi ukaisha, mabega yakaanza kushuka.

"Mama hayupo," mkewe akasema kutoka ndani. "Unamvalia nani?"

Rubani aliganda pale kizingitini, mkono kwenye komeo. Kisha akaanza kucheka, mkewe akacheka naye, na chakula kilichopikwa kingi kikaliwa chote.

*

Mama aliruhusiwa kuondoka siku yenye mvua nyepesi. Walimshusha akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, gongo lake jipya la miguu minne magotini, na alipofika chini aliwaambia wasubiri, akasukumwa mpaka wodi ya zamani.

Bi Dirisha alikuwa anatazama getini. Alipogeuka, alijifuta uso upesi.

"Ndiyo unakwenda?"

"Ndiyo nakwenda. Na wewe?"

"Mimi na huu mguu bado tunajadiliana." Alikitazama kitanda cha pili, ambacho kilikuwa kimeshalaliwa na mtu mwingine. "Wameniletea mkoromaji. Usiku kucha kama mashine ya kusaga."

Mama alikishika kiganja chake. Mke wa Rubani aliweka bakuli lililofunikwa juu ya kabati, akasema amekosea kipimo tena. Nje, kengele ya lifti ilikuwa inalia. Orofa ya nne walikuwa wanamwita Rubani, naye alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, hataki kumharakisha mtu.

"Nenda, unaitwa," mama akamwambia. Kisha akamwambia Bi Dirisha, kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho, "Mwanangu ndiye mwenye lifti. Akichelewa, watu wanakwama."

"Najua, shoga. Nani asiyejua?"

Rubani akaenda, na kwenye korido alisikika akipiga mluzi.

Bi Dirisha hakukiachia kiganja. "Utakuja tena kuniona?"

"Nitakuja. Kliniki yangu ni mwezi ujao, nikishashuka kutoka huko juu nitapita hapa."

"Mwezi ujao ni mbali." Aliutazama uso wa mama, akatazama dirisha, akarudi tena kwenye uso. "Njoo kabla ya hapo. Njoo hata kama huumwi."